Briji ya mashindano

Briji ni mchezo wa karata wa watu wanne wanaocheza wawili kwa wawili, kila mtu akikaa kumkabili mwenzake. Hutumia karata zote 52, na kila mchezaji hugawiwa 13. Mchezo una hatua mbili. Ya kwanza ni mnada, ambamo pande mbili hushindana kuahidi idadi ya mizunguko zitakayokula. Ya pili ni uchezaji wenyewe, ambamo ahadi hiyo hutimizwa au huvunjika. Briji ya mashindano ni ile inayochezwa kwa mfumo wa kurudufu: karata zilezile huchezwa kwenye meza nyingi, na kila mchezaji hupimwa kwa kulinganishwa na wengine waliopata mkono uleule. Hivyo bahati ya kupata karata nzuri haimpi mtu ushindi. Kinachobaki ni uamuzi wake, hasa katika mnada.

Karata na majina yake

Mtu wa pwani ya Afrika Mashariki hahitaji maneno mengi mapya ili kuelewa meza ya briji. Neno karata limetoka katika Kireno cartas. Aina nne za karata nazo zina majina ya Kireno yaliyogeuzwa kidogo: shupaza ni espadas, kopa ni copas, uru ni ouros na pau ni paus. Turufu ni trunfo, na seti, yaani karata ya saba, ni sete. Wareno walifika pwani hii mwaka 1498 na wakapoteza Ngome ya Yesu ya Mombasa mwaka 1698, lakini maneno yao ya mezani yalibaki. Kisiwani Pemba urithi huo hutajwa pamoja na mchezo wa ng'ombe, ambao wengi huuhusisha na Wareno. Pujini, kusini-mashariki ya mji wa Chake Chake, hujulikana zaidi kwa magofu ya ngome ya Mkama Ndume ya karne ya 15, ambayo ni ya zamani kuliko ujio wa Wareno. Hata hivyo mtu wa Pujini akiketi barazani na pakiti ya karata, anataja turufu, kopa na uru kwa maneno ambayo baharia wa Lisbon angeyatambua.

Kamusi za zamani za Kiswahili huziita karata za picha "wazungu": mzungu wa nne ni mfalme, mzungu wa tatu ni jeki, na mzungu wa pili ni malkia. Majina haya yanalingana kabisa na hesabu ya michezo ya Kireno kama bisca na sueca, ambamo ree ina pointi 11, seti 10, mfalme 4, jeki 3 na malkia 2. Kila aina ina pointi 30, pakiti nzima 120, na upande uliofikisha 61 umeshinda.

Katika briji mpangilio ni mwingine. Ree ndiyo kubwa, ikifuatwa na mfalme, malkia, jeki, kumi, na kuendelea hadi mbili. Seti ni karata ndogo tu, na malkia humla jeki. Mtu aliyezoea seti kumla mfalme hukosea hapa siku za mwanzo. Lakini tofauti kubwa zaidi iko kwenye turufu. Katika michezo mingi ya barazani turufu hupatikana kwa kufunua karata moja, basi kila mtu hucheza na alichopewa. Katika briji turufu hugombaniwa mnadani, na anayeichagua hulipia haki hiyo kwa kuahidi kazi atakayoifanya.

Historia kwa ufupi

Briji ilitokana na mchezo wa Kiingereza uitwao whist. Kijitabu kilichochapishwa London mwaka 1886 kilieleza sheria za mchezo ulioitwa "biritch", na mwanzoni mwa karne ya 20 ukaongezwa mnada. Umbo la sasa linatokana na Mmarekani Harold Vanderbilt, ambaye mwaka 1925, akiwa safarini kwa meli kupitia Mfereji wa Panama, alipanga hesabu mpya: bonasi ya mkataba hulipwa kwa kile tu kilichoahidiwa mnadani. Aliyekula mizunguko kumi baada ya kuahidi minane halipwi sawa na aliyeahidi kumi. Badiliko hili dogo la hesabu ndilo lililoufanya mnada kuwa moyo wa mchezo. Mashindano ya dunia ya timu, Bermuda Bowl, yalianza mwaka 1950, na Shirikisho la Briji Duniani likaundwa mwaka 1958.

Jinsi mnada unavyokwenda

Anayegawa karata huanza, kisha zamu huenda kwa mwelekeo wa saa. Kila zabuni hutaja namba kuanzia 1 hadi 7 na aina ya turufu, au "bila turufu". Namba ni idadi ya mizunguko juu ya sita, hivyo zabuni ya shupaza mbili ni ahadi ya kula mizunguko minane kati ya 13. Zabuni mpya lazima iwe juu ya iliyotangulia, kwa namba au kwa cheo cha aina. Pau ni ya chini kabisa, kisha uru, kopa, shupaza, na bila turufu juu ya zote. Zote kwa pamoja ni zabuni 35. Asiyetaka kutoa zabuni hupita. Anayeamini kwamba wapinzani hawataweza kutimiza ahadi yao anaweza kusema dabo, jambo linaloongeza malipo na adhabu, nao wakijiamini wanaweza kujibu kwa ridabo. Mnada huisha watu watatu wakipita mfululizo baada ya zabuni, na zabuni ya mwisho huwa mkataba.

Mchezaji wa upande ulioshinda mnada aliyekuwa wa kwanza kutaja aina hiyo ndiye mwenye mkataba. Mpinzani wa kushoto kwake hutoa karata ya kwanza, kisha mwenzake wa mwenye mkataba hulaza karata zake zote mezani na kukaa kimya. Mwenye mkataba huicheza mikono yote miwili.

Hesabu ndiyo inayoongoza maamuzi yote, kwa hiyo inafaa kuijua. Katika mkataba uliotimizwa, kila mzunguko juu ya sita una pointi 30 kwa shupaza na kopa, na 20 kwa uru na pau. Bila turufu, wa kwanza ni 40 na unaofuata 30 kila mmoja. Mkataba wenye thamani ya 100 au zaidi huitwa gemu. Kwa hiyo gemu ni tatu bila turufu, nne za kopa au shupaza, na tano za uru au pau. Mkataba ulio chini ya gemu huongezewa 50 tu. Gemu huongezewa 300, au 500 kwa upande ulio "hatarini", hali inayoandikwa kwenye kila bodi kabla ya mchezo. Kuahidi na kula mizunguko 12 ni slamu ndogo, yenye bonasi nyingine ya 500 au 750. Kuahidi yote 13 ni slamu kubwa, yenye 1000 au 1500. Ahadi ikivunjika, wapinzani hupata 50 kwa kila mzunguko uliopungua, au 100 ikiwa upande uko hatarini. Ikiwa kuna dabo, adhabu hupanda haraka: kwa asiye hatarini ni 100, 300, 500, kisha 800.

Uamuzi katika mnada

Idadi ya mikono tofauti ya karata 13 inayoweza kugawiwa ni 635,013,559,600. Zabuni ni 35 tu, na kila moja ikishatajwa huziba zilizo chini yake. Wenza wanajaribu kuelezana mikono yao kwa lugha yenye maneno machache sana, huku wapinzani wakisikiliza na kuwakatiza. Hakuna mfumo unaoweza kusema kila kitu. Pengo hilo hujazwa na uamuzi.

Anayejifunza huanza na kuhesabu: ree pointi 4, mfalme 3, malkia 2, jeki 1. Pakiti nzima ina pointi 40. Hesabu hii ilienezwa sana na Mmarekani Charles Goren katikati ya karne ya 20. Wenza wenye jumla ya takriban 25 kwa kawaida wanaweza kujaribu gemu ya tatu bila turufu au nne za shupaza na kopa, na kufungua mnada huhitaji takriban 12. Lakini hesabu hiyo ni mwanzo tu. Tazama mikono miwili ifuatayo.

Wa kwanza una shupaza ree, mfalme, 8, 6, 4, kopa 7, uru mfalme, jeki, 9, 5, pau 8, 6, 3.

Wa pili una shupaza malkia, 8, 6, 4, 2. Kopa mfalme peke yake. Uru malkia, jeki, 5, 3. Pau mfalme, 6, 3.

Yote miwili ina pointi 11, na umbo ni moja: shupaza tano, kopa moja, uru nne, pau tatu. Mchezaji mzoefu hufungua wa kwanza kwa shupaza moja na hupita na wa pili. Katika mkono wa kwanza karata kubwa zote ziko ndani ya aina ndefu, ambako zinasaidiana na kuziinua karata ndogo zilizo pamoja nazo. Katika wa pili mfalme wa kopa yuko peke yake na ataanguka mara ree ya kopa itakapochezwa, na shupaza tano zinaongozwa na malkia asiye na wa kumsaidia. Anayehesabu tu huiona mikono hii kuwa sawa.

Thamani ya mkono pia hubadilika mnada unavyoendelea. Mfalme wa kopa ni karata nzuri ikiwa mpinzani wa kulia ndiye aliyetaja kopa, kwa kuwa yaelekea ree iko mbele ya mfalme huyo na itamlazimu mwenye ree kucheza kwanza. Aliyetaja kopa akiwa kushoto, mfalme huyohuyo huenda asile chochote. Karata moja tu ya aina ambayo mwenzako ana karata kubwa nyingi ni hasara, lakini karata moja katika aina ambayo mwenzako ana ndogo tatu ni hazina, mradi turufu zipo za kutosha za kukatia. Kwa sababu hiyo wachezaji wazuri huuliza zaidi ya pointi ngapi. Huuliza ziko wapi.

Baada ya hapo huja swali la uwezekano na malipo. Katika mashindano ya timu, tofauti ya matokeo ya meza mbili hugeuzwa kuwa pointi za mechi kwa jedwali maalumu. Chukua upande ulio hatarini unaosita kati ya kubaki na shupaza tatu au kupanda hadi nne. Wakipanda na kufanikiwa watapata 620, na wenzao wa meza ya pili waliobaki chini watapata 170. Tofauti ya 450 ni pointi 10 za mechi. Wakipanda na kukosa mzunguko mmoja watapoteza 100 huku meza ya pili ikipata 140. Tofauti ya 240 ni pointi 6. Kwa hiyo inatosha mkataba ufaulu mara 6 katika 16, yaani asilimia 37.5. Kwa upande usio hatarini hesabu hiyo ni 6 dhidi ya 5, na kiwango kinachohitajika ni takriban asilimia 45. Hii ndiyo sababu timu zilizo hatarini hupanda hadi gemu kwa mikono ambayo mtu wa nje angeiona dhaifu. Gemu inayotegemea mfalme mmoja kuwa upande unaofaa ina nafasi ya nusu kwa nusu, nayo inafaa kujaribiwa. Inayohitaji wafalme wawili wote wakae vizuri ina nafasi ya robo tu, na huachwa.

Kwa slamu kubwa mambo hugeuka. Upande ulio hatarini unaoahidi shupaza saba na kufaulu hupata 2210, dhidi ya 1460 ya aliyebaki kwenye sita. Faida ni pointi 13 za mechi. Ukikosa mzunguko mmoja, hasara dhidi ya 1430 ni pointi 17. Inahitajika zaidi ya asilimia 56, na hapo inadhaniwa kwamba meza ya pili walau imefika sita, jambo ambalo si la hakika. Wenza wenye turufu nane hujua kwamba tano zilizobaki kwa wapinzani zitagawanyika tatu kwa mbili mara 68 hivi katika 100. Slamu kubwa inayohitaji mgawanyiko huo pamoja na jambo jingine lolote la bahati kwa kawaida haifai.

Uamuzi mgumu zaidi huja pande zote mbili zinapokuwa na nguvu katika aina tofauti. Tuseme wapinzani walio hatarini wametaja kopa nne, na upande wa pili usio hatarini una shupaza nyingi lakini karata kubwa chache. Unaweza kupanda hadi shupaza nne kwa makusudi ya kushindwa. Ukipigwa dabo na kupungukiwa mizunguko mitatu unapoteza 500, badala ya 620 za wapinzani. Faida ni 120, sawa na pointi 3 za mechi. Lakini ikiwa kopa nne zingevunjika, umetupa 500 mahali ambapo ungepata 100. Tofauti ya 600 ni pointi 12. Mtu anayejitoa mhanga namna hii lazima awe na uhakika wa mara nne katika tano kwamba wapinzani wangetimiza ahadi yao. Mizunguko iliyopungua ikiwa miwili tu, faida hupanda hadi pointi 8 na hasara ni 9, na sasa inatosha kuwa na uhakika uliozidi nusu kidogo. Mzunguko mmoja unabadilisha kila kitu, na hakuna anayeuona kabla ya karata kulazwa.

Mfaransa Jean-René Vernes alipendekeza katika miaka ya 1960 kanuni ya kusaidia hapo: jumla ya mizunguko ambayo pande mbili zinaweza kula, kila mmoja kwa turufu yake bora, hukaribia jumla ya turufu za pande zote mbili. Upande wenye shupaza tisa na wapinzani wenye kopa tisa wanagawana takriban mizunguko 18. Mmarekani Larry Cohen aliieneza kanuni hii kwa kitabu chake cha mwaka 1992. Wataalamu wengine wameikosoa, kwa kuwa mara nyingi hukosea kwa mzunguko mmoja, na katika briji mzunguko mmoja ndio ugomvi wote.

Dabo nayo ina bei. Kumpiga dabo mpinzani asiye hatarini anayepungukiwa mzunguko mmoja huongeza 50 tu, kutoka 50 hadi 100. Kumpiga dabo aliye hatarini kwenye shupaza nne akafaulu humwongezea 170, kutoka 620 hadi 790, na zaidi ya hayo dabo humwambia mwenye mkataba karata kubwa ziko wapi. Wachezaji wengi wapya hupiga dabo kwa hasira, baada ya kusukumwa mnadani. Hesabu haijui hasira.

Mfumo wa kurudufu

Katika mashindano karata hazikusanywi zikachangwa tena baada ya kila mchezo. Kila mchezaji huweka karata zake mbele yake na mwishoni huzirudisha kwenye mfuko wake katika bodi, yaani kisanduku chembamba chenye mifuko minne. Bodi huhamishiwa meza nyingine ikiwa na mikono ileile. Kikao cha kawaida cha klabu huwa na bodi 24 hivi na huchukua zaidi ya saa tatu.

Kuna namna kuu mbili za kushindana. Katika mashindano ya timu, watu wanne hugawanyika: wawili hukaa kaskazini na kusini kwenye meza moja, na wenzao wawili hukaa mashariki na magharibi kwenye meza ya pili, wakiwa na karata ambazo wapinzani wao walizishika kule. Katika mashindano ya jozi, kila jozi hulinganishwa na jozi zote zilizoshika mkono uleule. Hupata pointi mbili kwa kila jozi iliyoishinda na moja kwa kila iliyotoka nayo sare, bila kujali tofauti ni ya pointi 10 au 1000.

Namna hizi mbili zinadai maamuzi tofauti. Upande usio hatarini ukitimiza shupaza nne hupata 420. Ukitimiza tatu bila turufu hupata 400, na ukila mzunguko mmoja wa ziada, 430. Katika timu tofauti ya 420 na 430 haina thamani yoyote. Katika jozi inaweza kumtoa mtu juu kabisa hadi katikati ya orodha. Kwa hiyo mchezaji wa jozi hukimbilia bila turufu, hugombania kila mzunguko wa ziada, na hupiga dabo ambayo mchezaji wa timu angeiona ni ujinga. Mchezaji wa timu hutafuta kwanza mkataba salama. Wengi wanaofanya vizuri katika namna moja hushindwa katika nyingine kwa kusahau ni ipi wanayoicheza siku hiyo.

Kushindwa kwenye bodi moja si kushindwa mashindano. Jozi inayopata asilimia 60 ya pointi kwa kikao kizima huwa karibu na ushindi, na maana yake ni kwamba imeruhusiwa kukosea mara nyingi. Wanaoumia ni wale wanaobeba kosa la bodi ya tatu hadi ya nne, au wanaolipeleka kwa mwenza mezani.

Kilicho wazi na kilichofichwa

Bao ni mchezo wa wazi: kete zote zinaonekana. Karata zimefichwa, na hapo ndipo swali la uaminifu linapoanza. Sheria za briji zinaruhusu kumdanganya mpinzani kwa zabuni au kwa karata, hata kwa zabuni isiyolingana kabisa na mkono, mradi mwenza naye anadanganyika vivyo hivyo. Haziruhusu makubaliano ya siri. Maana ya kila zabuni ambayo wenza wamekubaliana lazima iwe wazi kwa wapinzani. Jozi hujaza fomu inayoeleza mfumo wake, na mpinzani anaweza kuuliza kwa zamu yake.

Kwa sababu hiyo hata kusita ni jambo zito. Mchezaji akifikiri kwa dakika nzima kisha akapita, mwenza wake amejua kwamba ana kitu. Sheria inamtaka mwenza huyo asitumie habari hiyo, na akichagua zabuni ambayo kusita kulimpendekezea, mwamuzi anaweza kubadilisha matokeo. Ili kupunguza mambo haya, zabuni hazisemwi kwa sauti bali huonyeshwa kwa vikadi vilivyochapishwa. Katika mashindano makubwa kiwambo huwekwa katikati ya meza ili wenza wasionane. Viwambo vilitumika kwenye Bermuda Bowl ya mwaka 1975, na hapohapo ikazuka kashfa ya wachezaji wawili wa Italia walioshutumiwa kugusana miguu chini ya meza. Kizuizi kikaongezwa hadi chini.

Mwaka 2015 Boye Brogeland wa Norwei aliwashutumu hadharani wachezaji aliowahi kuwa nao timu moja, akatangaza kuyaacha mataji waliyoyapata pamoja. Wachezaji wa nchi mbalimbali walitazama video za mashindano na kulinganisha jinsi bodi na karata zilivyowekwa mezani na mikono iliyokuwa imeshikwa. Jozi kadhaa za juu ziliondolewa mashindanoni au zilijiondoa mwaka huo.

Briji na Afrika Mashariki

Mchezaji wa briji aliyegusa zaidi historia ya Afrika Mashariki hakuwa mkazi wake. Iain Macleod (1913–1970) alikuwa mmoja wa wachezaji wa juu wa Uingereza katika miaka ya 1930. Alikuwa katika timu iliyoshinda Kombe la Dhahabu la nchi hiyo mwaka 1937, na alishiriki kuunda Acol, mfumo wa mnada uliopewa jina la barabara ya London ilikokuwa klabu yao, na ambao bado hutumika sana vilabuni Uingereza. Kazi yake ya mwanzo aliipata kupitia meza ya briji, katika kampuni ya De La Rue, wachapaji wa noti za benki na wa karata zenyewe. Mwaka 1952 alitoa kitabu chake cha kufundisha briji.

Oktoba 1959 aliteuliwa kuwa Waziri wa Makoloni, cheo alichokishika hadi Oktoba 1961. Mkutano wa katiba ya Kenya wa Lancaster House ulifanyika chini yake mwanzoni mwa 1960. Machi 1961 alikuwa Dar es Salaam kwa mkutano wa katiba ya Tanganyika, iliyopata uhuru Desemba mwaka huo. Walowezi wa Kenya na marafiki zao London walikasirika kwa kasi yake. Machi hiyohiyo Lord Salisbury alimshambulia katika Baraza la Malodi, akisema kwamba waziri ana akili kupita kiasi, na kwamba amewatendea walowezi kama mchezaji wa briji anavyowatendea wapinzani, kwa kuwa kwenye briji kumzidi mpinzani ujanja hakuhesabiwi kuwa kosa. Shutuma hiyo ilimfuata hadi mwisho wa maisha yake ya kisiasa.

Katika eneo lenyewe briji ililetwa na vilabu vya wakati wa ukoloni na ikabaki zaidi mijini. Chama cha briji cha Kenya ni mwanachama wa Shirikisho la Briji Duniani. Barani Afrika nchi zilizosikika zaidi kwenye mashindano ya dunia ni Misri na Afrika Kusini. Mwigizaji Omar Sharif, aliyejulikana duniani kwa filamu ya Lawrence of Arabia ya mwaka 1962, aliichezea Misri katika Olimpiadi ya briji ya mwaka 1964, akawa pia mwandishi wa safu ya briji pamoja na Goren.

Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliitambua briji mwaka 1999. Katika Michezo ya Asia ya mwaka 2018 mjini Jakarta, medali ya dhahabu ya jozi za wanaume ilikwenda kwa Wahindi Pranab Bardhan, aliyekuwa na umri wa miaka 60, na Shibnath Sarkar, wa miaka 56. Bermuda Bowl imefanyika Afrika zaidi ya mara moja. Mwaka 1997 ilikuwa Hammamet, Tunisia, na mwaka 2023 Marrakech, Moroko.